Kifo cha Muda cha Lucius Pettway

Jumatatu, 7 Novemba 1966. Copenhagen.
Holger, mwenye klabu, ameniarifu kwa adabu kwamba kuanzia Desemba kiti changu cha piano atakikalia Preben. Mdenmaki wa miaka thelathini! Amejifunza jazi kwenye santuri zangu, hata pale nilipokosea mwaka 1949. Hukosea pale pale, kwa heshima kubwa. Mimi niliacha kwetu Saint Louis, Marekani, miaka kumi na saba iliyopita kwa ajili ya kiti kile. Sina kingine. Sikubali.

Jumanne, 8 Novemba. Odense.
Wazo! Nieleze. Mwanamuziki Mmarekani huku Ulaya husifiwa mara mbili: siku anaposhuka meli na siku anapozikwa. Kushuka nilikwisha kushuka. Basi nimepanda treni mpaka huku, nikalipigia gazeti simu kwa sauti ya daktari. Pettway amefariki, moyo. Wakishalia vya kutosha, nitafufuka. Holger ataniomba radhi.

Alhamisi, 10 Novemba.
Mistari minne gazetini. Jina wamelikosea. Picha ni ya Orville, mpiga besi wetu. Hata hivyo, Jumapili kuna tamasha la kuniombolezea.

Jumapili, 13 Novemba. Copenhagen.
Saa tisa alasiri. Klabu imejaa pomoni, mishumaa kila meza. Nikaingia kwa mlango wa mbele, kofia mkononi. Hakuna aliyegeuka. Bi Mogensen, niliyepanga kwake miaka tisa, alinitazama usoni kisha akajifunga shali, kama mtu aliyepitiwa na baridi. Nikaagiza bia. Mhudumu akafuta meza, akaenda zake.

Preben alikuwa kwenye kiti changu. Alipofika kwenye kosa la 1949, watu walilia. Kisha akaanza wimbo nilioutunga asubuhi hii ndani ya treni, kichwani tu. Sijauandika. Sijaugusa kwenye piano yoyote. Akaupiga wote, akaumalizia vizuri sana. Mimi mwisho wake sikuwa nimeupata bado.

Nikamshika Orville bega. Hakugeuka.

“Tulia, mzee,” akaninong'oneza. “Leo Lucius anapiga vizuri.”

Nikasimama, nikatangaza kwamba Lucius ni mimi. Holger akaja, akanishika kiwiko kwa upole.

“Baba, wewe ni wa tatu leo kusema hivyo. Wenzako wawili wamekaa pale nyuma. Nenda kakae nao.”

Nikatazama nyuma. Wazee wawili, kofia mkononi. Mmoja akanisogezea kiti.

Sikukaa. Nilikimbia.

Jumatatu, 14 Novemba.
Ufunguo wangu haufungui tena mlango wa Bi Mogensen. Ndani kuna mtu anapiga kinanda, anakohoa kama mimi. Naandika haya nikiwa stesheni.

Nimelichunguza kosa la mpango wangu kwa utulivu. Kosa lilikuwa siku. Jumapili watu wameshiba na wamechoka. Hawawezi kumpokea aliyefufuka ipasavyo. Nimekata tiketi ya Stockholm. Karani hakuniangalia wala hakunitoza. Bahati imeanza kurudi!

Huko nitakufa Ijumaa.