Bonface Anaelewa Kila Kitu

Bonface wa kemisti yangu anaweza kukueleza dawa mpaka usahau ulikuwa unaumwa wapi. Nimemwajiri mwenyewe, kwa hivyo nina haki ya kumsema. Kijana amesoma. Vyeti vyake nimevitundika ukutani kando ya kalenda ya kanisa, na koti lake jeupe hupigwa pasi kuliko sare ya askari wa gwaride.

Shida ni mdomo. Mtu atatoka kijijini Kola na kikohozi chake, Bonface amhutubie kama rubani anayetangaza safari: antibayotiki, dozi, intavali, mpaka kikohozi chenyewe kinyamaze kwa heshima. Halafu anagonga kaunta kwa kidole. "Umeelewa?"

Na mtu aliyelelewa vizuri atamjibuje mtu wa koti jeupe? "Nimeelewa, daktari."

Nikamwambia, "Bonface, kabla ya hili duka niliuza viondo sokoni. Mteja akikubali haraka hivyo, jua hajasikia bei."

"Mathe, hiyo ilikuwa biashara. Hii ni sayansi. Si umemsikia akisema ameelewa?"

Siku moja akaingia mama mmoja na leso yake, akimkagua Bonface kuliko alivyokagua dawa. Alikuwa na vidonda vya tumbo. Bonface akamshushia mhadhara wa bakteria, asidi na ukuta wa tumbo. "Umeelewa?"

Mama akamtazama kuanzia nywele hadi viatu. "Nimeelewa," akasema, akaenda zake.

Wiki chache baadaye Bonface alikuwa anapeleka ntheo kwa kina Ndanu, mchumba wake, huko Kivaa. Ntheo ni mbuzi watatu. Usipowapeleka, hata mkikaa pamoja mpaka mpate wajukuu, kwetu Ukambani bado unahesabiwa mgeni. Akaniomba niandamane naye, maana anajua nikianza kuteta bei hata mbuzi hupungua uzito.

Sasa, Bonface amezaliwa mjini, Syokimau. Kikamba chake kinatosha kusalimia na kuomba maji. Nikamwonya: "Usipoelewa, uliza."

"Tulia, mathe. Hao ni wazee tu. Nitawasoma kwa macho."

Mbuzi wakapokelewa vizuri. Kisha Mzee Kyalo, ami yake Ndanu, akamgeukia bwana harusi mwenyewe na kuanza kuongea Kikamba kile cha ndani, kile ambacho hata mimi hukisikiliza nikiwa nimekaa wima. Aliongea mpaka chai ikapoa. Akamaliza kwa kumuuliza kama ameelewa.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na kina mama. Mguu wangu haukufika pa kumkanyaga.

"Nimeelewa, mzee," Bonface akasema, akitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. "Nimekubali yote."

Wazee wakatazamana. Ndanu akafunika uso.

Ndipo akasimama mama mmoja kutoka upande wao. Leso ile ile, macho yale yale. "Mimi ni Munyiva, shangazi wa msichana. Daktari, hebu nirudishie kwa maneno yako. Umekubali nini?"

Bonface akatazama mbuzi. Mbuzi hawakumsaidia.

"Nimekubali... mambo ya heshima," akasema.

"Umekubali kuchimba terasi za shamba la nyanya yake Ndanu. Mlima wote. Kwa jembe, wewe mwenyewe."

Kicheko kilichotoka hapo kiliamsha mbwa. Lakini Munyiva hakucheka. "Mtu anayekubali asichokijua, tumpe msichana wetu aende naye wapi?"

Hapo Bonface akaacha kutabasamu. Nami nikaona ni saa ya kazi yangu, nikasimama. "Shangazi, nawe ulimwambia kijana umeelewa dawa. Ulizimezaje?"

Akakaza leso yake. "Ninameza tumbo likiuma. Likinyamaza ninaziacha. Zingine nimempa jirani."

"Naye anaumwa tumbo?"

"Mgongo."

Mkono wa Bonface ukapanda kichwani. Nikasema, "Haya, tupatane. Kijana amweleze shangazi dawa upya, hapa hapa, mpaka shangazi aweze kutueleza sisi. Akishindwa, tunarudi na mbuzi wetu."

Sijawahi kuona Bonface akitafuta maneno. Alianza na bakteria, akaacha. Akaanza na asidi, akaacha. Mwishowe akachuchumaa mbele ya shangazi. "Shangazi, asubuhi kabla ya kula, na jioni kabla ya kula. Tumbo liume, lisiume, unameza mpaka ziishe. Hizo za zamani usiziguse tena, na jirani usimpe. Jumatatu njoo dukani tuanze upya. Sasa niambie wewe."

Munyiva akarudia neno kwa neno, hata lile la jirani. Mzee Kyalo akaomba mbuzi wapelekwe zizini. Ndanu akafunua uso.

Terasi sikuomba zipunguzwe. Ningeweza, lakini somo la bure halikai kichwani.

Jumamosi iliyofuata Bonface alienda Kivaa na jembe. Jumatatu akaingia dukani mikono imevimba malengelenge, hawezi hata kufungua kopo. Nikatoa dawa ya kupaka kwenye rafu, nikamsomea karatasi yake yote bila kupumua, na kugonga kaunta kwa kidole.

"Umeelewa?"

Akatazama viganja vyake.

"Hapana, mathe," akasema. "Rudia polepole."