Mbwa wa Laoban na Suruali Yangu ya Pasi

Jamani, leo uso wangu nimeuacha mlimani. Nawaandikia kutoka duka la intaneti hapa Dengfeng, Uchina, suruali bado mbichi.

Mama Chen ndiye laoban wangu, yaani bosi wa kiwanda ninachotaka kinishonee jinzi za Idi. Alikuwa hajakubali kuzishona kabla kontena halijafungwa. Jana akasema: "Kesho twende hifadhi ya mlimani, tutazungumza huko." Ndiyo biashara ya huku: kwanza msafiri pamoja, mle pamoja, ndipo akuamini. Nikarudia sentensi zangu zote za Kichina (nilijifundisha mwenyewe, kwenye kitabu kisicho na jalada). Nikapiga suruali pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe.

Asubuhi akaja na gari lake la kulala: basi dogo lenye kitanda, jiko la gesi na mapazia ya maua. Na mbwa wawili. Mbwa! "Wanangu hawa," akasema, akiwabusu puani. Mimi na Rajabu, rafiki yangu wa Mombasa anayejua Kichina kunishinda, tukakaa nyuma tumekunja miguu kama kuku sokoni.

Wanasema kule kuna maporomoko na misonobari. Mimi niliona ulimi tu wa Doudou, mmoja wa mbwa wale. Kwenye kona ya mwisho akanirukia, akaniramba kuanzia goti mpaka paja.

"Amekupenda!" Mama Chen akapiga makofi.

"Nimefurahi sana," nikasema. (Uongo. Swala ya adhuhuri ilikuwa inakaribia.)

Tulipoegesha, nikajificha nyuma ya jiwe kando ya kijito. Nikavaa kikoi, nikaanza kuosha suruali: mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. (Ndiyo, kikoi kilikuwa safi, ningeswali nacho yakaisha. Akili yangu haijui njia fupi.) Mwingine angeosha pale aliporambwa tu. Mimi nikaipaka udongo suruali nzima. Udongo wa kwanza ulikuwa na changarawe, haukuniridhisha. Nikatafuta mwingine, laini, wa kahawia. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nikasikia kubweka. Doudou! Nyuma yake Mama Chen. Nyuma yake kundi zima la watalii wenye kofia za njano, na kiongozi wao ameshika kipaza sauti. Wakaitazama suruali. Wakanitazama mimi na kikoi changu. Wakairudia suruali.

Mama Chen akashika tumbo lake mwenyewe. "Maskini! Tumbo limekuendesha?"

"Rajabu, mweleze!"

Rajabu akaninong'oneza, "Nimweleze nini, yakhe? Kwamba mate ya mwanawe ni najisi? Chagua: jinzi ama heshima."

Nikawafikiria wateja wangu wa Kariakoo. Nikainamisha kichwa.

"Ndiyo, Mama. Tumbo."

Loo! Kipaza sauti kikatangaza. Bibi mmoja akanipa vidonge vyeusi, mwingine karatasi za chooni, mzee mmoja akanisugua mgongo kwa huruma. Rajabu alikwenda nyuma ya gari "kutafuta maji". Nilimsikia akilia kwa kicheko.

Nikamaliza kuosha, nikavaa suruali yangu inayochuruzika, nikaswali, kisha nikalazwa kitandani na kufunikwa blanketi. Mbwa wakafungiwa mbele, wasimsumbue mgonjwa. Njiani Mama Chen akanitazama kwenye kioo.

"Nilikuwa nakuogopa," akasema. "Umenyooka mno. Hukosei, hucheki. Nikajiuliza, huyu anaficha nini? Kumbe ni mtu tu, kama sisi. Kesho tunaanza kushona jinzi zako."

Alhamdulillahi! Nilishusha pumzi niliyoibana wiki nzima. Hata Doudou nikamwona mzuri, kwa mbali.

Tulipofika mjini, nikashuka nikitabasamu. Mama Chen akanipapasa bega. "Blanketi limekupasha joto? La Doudou hilo, huwa halali bila kulitafuna."

Msinicheke. Niambieni tu, katikati ya mji huu wa saruji, udongo safi unapatikana wapi?