Ombi la Kurudishiwa Konokono Wangu

Ndugu Mkurugenzi wa Vipindi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na familia yako na wafanyakazi wote wa kituo chako cha runinga, isipokuwa mtayarishaji wa kipindi cha konokono, ambaye salamu zake nitazitoa mwishoni nikishatulia.

YAH: KUNIRUDISHIA KONOKONO WANGU

Mimi ni mshonaji wa mapazia na mtazamaji wenu wa siku nyingi. Nina usonji. Daktari alinieleza hivyo nikiwa mtu mzima tayari, na mama yangu akasema yeye alikuwa anajua siku zote, ila hakuwa na jina lake. Nakutajia hili ili usije ukadhani ni mtu wa kawaida tu aliyeamka vibaya akaamua kukusumbua.

Nimewapenda konokono tangu sijaanza shule. Naomba unielewe vizuri hapo kwenye kupenda. Watu hupenda soda, hupenda mpira, hupenda nyimbo za msimu, kisha msimu ukipita wanapenda kingine. Mimi sivyo. Kwangu konokono ni chumba. Nikichoshwa na kelele, na mikono ya kusalimiana, na watu wanaosema jambo moja huku nyuso zao zikisema jingine, huingia humo nikafunga mlango, nikapumua. Jumapili ile mchana mliufungua mlango huo mkawakaribisha wananchi wote waingie na viatu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kipindi kilikuwa kizuri. Mama aliniita kutoka sebuleni, "Njoo haraka, ndugu zako wako kwenye runinga!" Nilikuja na kalamu mkononi, tayari kusahihisha. Kingekuwa kibaya, ningewaandikia barua fupi ya makosa na tungeachana kwa amani. Lakini mlimpiga picha konokono akipanda kioo, tumbo lake likitembea kama mawimbi, na muziki wa taratibu nyuma yake, mpaka mama akasema, "Kumbe ni mzuri hivi?" Nimemwonyesha konokono maisha yangu yote. Hajawahi kusema kumbe.

Kwa kuwa nimeahidi kusema kweli, kosa lilikuwepo moja. Mtangazaji alisema konokono ana macho kwenye pembe zote nne. Macho yako kwenye zile mbili za juu tu. Za chini ni za kunusa na kupapasa. Nilifurahi sana kulisikia kosa hilo, lakini halikutosha.

2. Jumatatu, kazini. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu: cherehani ukutani, meza ya kukatia katikati, pasi kwenye kona. Bosi wetu, mama mmoja mpole asiyependa kurudia maneno, alinitungia sheria zamani: habari za konokono ni wakati wa chai tu. Sikuona ubaya wowote. Napenda sheria ikiwa imenyooka. Sasa Jumatatu hiyo niliwakuta wenzangu wote wanaongelea konokono, na maji ya chai hayajawekwa hata jikoni. Hawa ni wale wale ambao nikianza tu huniambia, "Basi dada, tumeelewa." Nikanyoosha mkono nikawakumbusha sheria.

Bosi akasema, "Mwanangu, ile sheria ilikuwa ya kwako wewe."

Ndugu Mkurugenzi, nimeligeuza jibu hilo kila upande kama kitambaa kisicho na uso. Kama sheria ya konokono ni ya kwangu, basi na konokono ni wa kwangu. Haiwezekani nibebe katazo peke yangu halafu raha tugawane.

3. Shemeji. Huyu ni mume wa dada yangu mkubwa, anauza magodoro, na sauti anayo. Tulikaa mezani kwa dada, familia nzima, naye akaweka kijiko chini akauliza, "Hivi mnajua konokono ana meno maelfu?" Meza nzima ikasema, "Haaa!" Akaongezewa nyama.

Habari ya meno hayo niliitoa mimi, siku ya harusi yake mwenyewe, kwenye kipaza sauti, nilipoombwa niseme neno kwa maharusi. Nilikuwa sijafika hata katikati nikanyang'anywa kipaza sauti. Hakuna aliyesema haaa. Hakuna aliyeniongezea chochote. Na aliyeninyang'anya ni yeye.

4. Watoto wa mtaa. Nyuma ya bafu letu kuna ukuta wenye ukungu, na mvua ikinyesha konokono hutoka wakajipanga pale. Ule ukuta ulikuwa wangu kwa sababu hakuna aliyeutaka. Sasa mvua ikikatika tu wanakuja watoto na ndoo. Nilisimama mbele ya ukuta na mwavuli wangu nikawaambia waondoke. Msichana mmoja mdogo, hajang'oka hata meno ya mbele, akaniuliza, "Kwani wa kwako?" Nikasema ndiyo. Akaenda kumwita mama yake, mama yake akaja kuniuliza kama nina risiti. Mama yangu naye akatoka na kanga yake kiunoni, akamwambia, "Huyu kawatazama tangu wewe hujauhamia mtaa huu, sasa risiti gani tena unataka?" Tumebaki hatusalimiani na nyumba ile, na chanzo ni kituo chako.

5. Mkataji. Hapa naomba ukae vizuri.

Kuna kijana mwenzetu pale kazini anayekata vitambaa, si wa siku nyingi. Kabla ya kipindi chenu alikuwa mtu mwema kabisa. Anakata kwa kunyooka na hanigusi bega akinipita. Baada ya kipindi chenu alikuja kazini na konokono ndani ya kontena la chakula cha mchana, akamweka juu ya meza ya kukatia, na akampa jina. Mimi sijawahi kuwapa majina, naona ni kumzoea mtu ambaye hajakuzoea. Yeye anamwita Fundi. Eti kwa sababu kila ukimtazama yuko njiani anakuja, na hafiki.

Wenzangu walicheka mpaka cherehani zikasimama. Na mimi nilicheka kidogo. Nalalamikia hilo pia.

Kisha nikainama kumtazama huyo Fundi. Gamba lake lilikuwa limezungukia kushoto.

Huenda hujui uzito wa jambo hili, kwa hiyo nitakueleza taratibu. Konokono wa aina ile magamba yao huzungukia kulia. Kulia, kulia, kulia, ukutani kwetu, shambani, kwenye mifereji, kila niliyemgeuza tangu utoto wangu. Nilisoma kwamba wa kushoto wapo, ila ni wachache mno, mtu anaweza kutafuta mpaka akazeeka asimwone. Mimi nilikuwa nimeshaanza safari hiyo ya kuzeeka. Na huyu bwana, mpenzi wa konokono wa tangu juzi, alimwokota juu ya mfuniko wa pipa la taka alipokuwa anafunga kamba ya kiatu.

Nilikwenda chooni nikalia. Niliporudi aliniuliza, "Vipi, nimekosea kitu? Fundi anaumwa?" Alikuwa hajui alichonacho. Na mimi sikumwambia.

Hapo ndipo mlipofika na mimi, Ndugu Mkurugenzi. Mimi niliyemweleza habari za konokono daktari wa meno akiwa na mikono yote miwili kinywani mwangu. Mimi niliyemweleza mtu aliyepiga simu kimakosa, mpaka akakata. Nimeulizwa swali la konokono kwa mara ya kwanza bila mimi kuanza, na nikanyamaza kama mtu aliyeficha mfupa.

6. Lalamiko hili lilimhusu mama yangu. Ameisoma barua akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, ameniomba nilitoe, na nimelitoa. Anasema kama ni kosa kukipenda kile kipindi basi amekosa, lakini ndiyo siku aliyoelewa kwa mara ya kwanza kile ninachomwelezaga, kwa sababu mtangazaji alikuwa anapumzika kati ya sentensi.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo. Kwanza, baada ya taarifa ya habari, litolewe tangazo la kuwaomba wananchi wasahau. Si lazima wasahau yote. Wakibakiwa na utelezi tu inatosha. Pili, kiandaliwe kipindi cha twiga. Twiga ni mrefu, hata taifa zima likimpenda kila mtu atapata pa kushika. Tatu, mniandikie barua yenye mhuri inayothibitisha kwamba konokono nilikuwa nao kabla yenu, nipate kitu cha kumwonyesha yule mama wa risiti, na nyingine kama hiyo kwa shemeji.

Ikiwa maombi haya yatakataliwa, nitalazimika kuchukua hatua. Nimesoma kwenye gazeti kwamba wewe binafsi unapenda kukuza mawaridi, na kwamba jioni ukiwa bustanini hutaki kusumbuliwa. Basi nitayapenda mawaridi, Ndugu Mkurugenzi. Na ninavyopenda mimi, umeshaona. Nitajua mizizi yake, magonjwa yake na wadudu wake, nitakuja kwenye kila shughuli utakayoalikwa nianze kuyaeleza kabla yako, mpaka siku moja utasimama kwenye bustani yako mwenyewe ujione mgeni. Sipendi kufika huko. Mawaridi yana miiba.

Nakushukuru kwa muda wako. Wasalimie wote ofisini, wapiga picha, mlinzi wa getini, na yule dada wa hali ya hewa, ambaye mvua zake ni za kuaminika. Mtayarishaji naye msalimie, lakini kwa ufupi.

Wako katika malalamiko,
Mshonaji, mwenye konokono

Nyongeza: Barua hii ilikuwa iondoke jana Jumamosi asubuhi. Nilikuwa naibandika stempu mama aliponiita mlangoni. "Kuna kijana anakuulizia. Kakumbatia kontena, na macho mekundu."

Alikuwa mkataji. Hakunisalimia. Alisema, "Fundi kafa. Kajiziba mlango kwa kitu cheupe, kama karatasi. Nimekosa mtu wa kumwambia asiyenicheka, nikakukumbuka wewe."

Nilimtazama Fundi. Nikamuuliza mkataji alikuwa anamweka wapi. Dirishani, akasema, apate jua. Nikamwambia konokono akiona ukavu hujifungia ndani kwa utando ule, akalala akingoja mvua. Hajafa, amekukimbia tu. Mkataji akakaa kwenye ngazi ya mlango kama mtu aliyekatwa kamba.

Nikachukua chupa ya kunyunyizia, ile tunayolainishia mapazia kabla ya pasi, nikamlowesha Fundi nikamweka kivulini karibu na bomba. Tukageuza ndoo mbili tukakalia. "Itachukua muda gani?" akauliza. Nikasema, "Muda wake." Akafikiri kidogo. Kisha akauliza, "Sasa hapa tunaongea au tunanyamaza?"

Ndugu Mkurugenzi, sijawahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote. Watu huwa wanaamua wenyewe, halafu mimi ndiye ninayekosea. Nikasema, tunanyamaza.

Tukanyamaza. Hakunitazama, nami sikumtazama, tulikuwa tunatazama kitu kimoja. Utando ulilegea upande mmoja, ukaanguka. Likatoka tumbo kidogo, likarudi, likatoka tena. Pembe ya juu ikanyooka, na jicho lake, halafu ya pili. Mkataji alishika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili akasema kwa sauti ya chini, "Haaa."

Basi nikamwambia yote. Kwamba Fundi ni wa kushoto, na kushoto maana yake nini, na nimetafuta kwa kiasi gani, na kwamba nilimnyima jibu siku ile kwa wivu. Niliongea mama akaleta chai, nikaongea chai ikapoa, na nilikuwa nasubiri aseme tumeelewa. Aliposema, alisema, "Rudi kidogo. Hapo pa kushoto sijapashika vizuri." Nikamwekea Fundi kiganjani nikamwonyesha upya kwa kidole.

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yote, isipokuwa la shemeji, ambalo halihusiani na konokono. Na badala ya tangazo la kusahau, naomba kipindi kirudiwe Jumapili ijayo saa ile ile. Mkataji alikikuta katikati, ile sehemu ya kioo hakuiona. Lile kosa la macho mliache, nataka kumwona akiligundua mwenyewe. Mama ameshasogeza meza ukutani ili viti viwili vikae mbele ya runinga. Nimemwambia aongeze na cha kwake.