Kamati ya Kumwita Dereva wa Mashine ya Stika

Wakulima wote wa mboga na matunda, kuanzia Mwembesongo mpaka juu kabisa Mgeta, mnatangaziwa kwamba Kituo chetu cha Kupokelea Mazao kimeunda Kamati ya Kudhibiti Madereva Wasioonekana. Mwenyekiti ni Mkurugenzi, Bwana Abdulswamad, mwenye suti ya kaki na kalamu tatu mfukoni. Katibu ni mimi, Bibi Mwanvita, mwakilishi wa wakulima, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka na huwa nakaa mpaka kikao kiishe.

Jambo lenyewe ni hili. Kila kreti linalotoka getini lazima liwe na stika yenye jina la mkulima na uzito. Zamani tuliandika kwa kalamu ya wino mzito, na kazi ilienda, ila haikuwa na hadhi. Ikaletwa mashine ya kuchapa stika, nyeupe, ukubwa wa tofali la kuchoma, imevikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya mwenye nyumba. Mkurugenzi akapiga marufuku kalamu. Haukupita muda, asubuhi moja mashine ikaanza kutoa stika zenye jina tu, pa uzito peupe. Kompyuta ikaandika: dereva ana hitilafu.

Ofisi haikulala. Asubuhi hiyohiyo ilimsimamisha kazi Dadi, dereva wetu wa kenta. Akapulizishwa kipima ulevi, akapimwa macho, akaulizwa mara ya mwisho aliigusa lini mashine ya stika.

"Bosi, mi hiyo mashine hata siijui," Dadi akasema. "Mi naendesha gari."

Mkurugenzi akaniagiza niandike kwamba mtuhumiwa amekiri kutoijua kazi yake.

Ndipo Salum, karani wetu wa kompyuta, akaeleza taratibu kwamba dereva anayetajwa si mtu. Ni maandishi yaliyomo ndani ya kompyuta, yanayoiambia mashine ichape nini. Haya ya kwetu ni ya bure, huandikwa na watu wanaojitolea, na aliyeandika ya mashine hii ni muuguzi mmoja wa Tukuyu anayeitwa Witness. Mkurugenzi akauliza ni shahidi wa kesi gani. Alipoelewa, kamati ikazaliwa. Dadi hakurudishwa kazini, maana barua yake ilikwisha kupigwa muhuri.

Muda wote huo Regina wa Mgeta alikuwa amekaa kwenye ngazi za ofisi na makreti yake ya stroberi, ameyafunika kwa kanga iliyoloweshwa. Stroberi si viazi. Mzigo wake wa kwanza uligeuka uji humo stoo ukisubiri uzito, na mnunuzi wa Dar alishamwambia kwamba huu wa pili usipofika kesho asubuhi, anahamia Lushoto moja kwa moja. Shamba lake lote lilikuwa linamtegemea huyo mnunuzi.

"Shikamoo, Bibi," akaniambia nilipopita. "Hivi hiyo kamati yenu inakula stroberi?"

Nikamwitikia marahaba, nikamweleza kwamba suala la ulaji halimo katika hadidu za rejea.

Kamati ikamwandikia Witness, kupitia ule ukurasa ambako wanaojitolea hupokea malalamiko, kwamba anatakiwa kufika ofisini bila kukosa, akiwa na cheti cha kuzaliwa. Majibu yakaja kabla chai haijapoa: "Habari za kazi. Niko zamu. Mlitaka mashine ifanye nini, na imefanya nini? Nikitoka wodini nitaangalia."

Mkurugenzi akavua miwani. "Ananihoji. Huyu bosi wake nani?"

"Hana, mkuu," Salum akasema. "Anajitolea."

"Sasa mimi nimwadhibu kwa kupitia wapi?"

Lilikuwa swali zito, tukalijadili pamoja na maandazi. Kanuni za kituo zinasema anayeadhibiwa ni mtumishi tu. Mwishowe Mkurugenzi akapata ufumbuzi ambao hata mimi niliupigia makofi: aajiriwe kwanza, ndipo afukuzwe. Na ili kufukuzwa kumuume, apewe cheo kikubwa. Akamteua Msimamizi Mkuu wa Mashine na Upakiaji, akaambatanisha kanuni zote na muhtasari wangu wa mambo yote yaliyotokea, ili asije akadai hakujua alichovunja. Barua ya kumfukuza ikawekwa tayari kwenye droo, imebaki saini tu, kwa sababu mtumishi hafukuzwi kabla hajaripoti.

Witness akaripoti alasiri ile, kwa maandishi. Wauguzi wamezoea kusoma cheti cha mgonjwa mpaka chini, naye karatasi zetu zote alizisoma hivyohivyo. Akashukuru kwa uteuzi. Kisha, kwa mamlaka aliyopewa, akaagiza: kasoro ameiona na atairekebisha Jumapili, siku yake ya mapumziko, mpaka hapo mashine ipumzike, stika ziandikwe kwa kalamu, dereva wa kenta arudi leo, na aliyezuia mazao yakaoza ajieleze. Akakumbusha kwamba kwa kanuni ya kituo, anayetakiwa kujieleza hatii saini barua yoyote ya nidhamu.

Mkurugenzi akavuta droo, akaitazama ile barua, akaisukuma droo ndani. Kanuni hiyo aliitunga yeye.

Na kwa kuwa kalamu zilizosalia kituoni zilikuwa zake, stika akaziandika yeye, amechuchumaa kando ya mizani.

"Bosi, hiyo ni kilo nne, si tisa," Regina akamwambia. "Usiniponze kwa mnunuzi."

Akaandika upya. Dadi akawasha kenta, na jua lilikuwa bado halijazama alipoipita Kingolwira, njia ya Dar, na stroberi zote.

Regina hana kinyongo. Alimwachia Mkurugenzi kiganja cha stroberi awapelekee wa nyumbani. Getini Gabrieli, mlinzi, akamsimamisha bosi kwa heshima zote, akamwamkia, akauliza stika ya hayo matunda iko wapi. Mizani ilikuwa imeshafungiwa. Mkurugenzi akala stroberi zote palepale, amesimama, moja baada ya nyingine, na Gabrieli akamwomba afungue mikono yote miwili kabla hajampisha.