Lalamiko Kuhusu Ghala Lililoikana Seva Yetu na Kutugandishia Sauna

Kuopio, Alhamisi, wiki ya mwisho ya Oktoba

Kwa Bi. Sirkka Naukkarinen,
Mwenyekiti wa Ushirika wa Nyumba Zetu Nne

Bi. Mwenyekiti,

Natumaini goti limepungua uvimbe na mbwa amerudi kula. Mimi Reijo Pyykkönen, msimamizi wako wa nyumba kwa miaka ishirini na miwili, ni mzima wa kila kitu isipokuwa roho.

Nimesikia kamati inakaa Jumamosi kuamua kama kazi yangu ipewe kampuni ya Helsinki, eti kwa kuwa sauna zote nne, vyumba vyetu vya kuogea mvuke, ni za baridi tangu Jumatatu. Kabla hujaninyang'anya funguo, soma haya. Mkosaji si mimi.

1. Siku hizi jiko la sauna haliwashwi kwa mkono. Linaiuliza seva kuu, ile kompyuta iliyo chini ya ngazi: leo joto nyuzi ngapi? Seva nayo huenda kusoma jibu kwenye ghala la mipangilio, hilo nalo la kompyuta, na mlangoni hutaja jina lake na nywila. Kwa miaka sita imepita pale kama mtu wa nyumbani. Jumatatu ghala likaitolea macho: "Hutambuliwi." Basi! Hata hujambo hakuna.

2. Nimefanya yote afanyayo fundi anayejiheshimu. Nywila nimeiandika upya mara kumi na tisa, mara za mwisho nikibonyeza kwa nguvu ili isikike. Seva nimeizima, nimeiwasha. Saa yake nimeilinganisha na ya kanisa. Orodha ya makosa nimeisoma kurasa mia nne bila miwani. Na huyu ni mtu ambaye, mwaka ule wa baridi kuu, alitengeneza injini ya meli ya kuvunja barafu kwa kijiko na soksi, nahodha akalia machozi. Shule niliiacha mapema kwa sababu walimu walianza kuniuliza mimi maswali.

3. Nimevunjiwa heshima. Jana Mzee Onni wa ghorofa ya pili alitoka sauna amevaa koti la manyoya. "Wee Reijo!" akapaza sauti uani, mbele ya wanawake. "Humo ndani nimeacha samaki wangu. Usimguse, hataoza mpaka Krismasi!" Mkewe akadakia: "Mwache, mume wangu. Anaibembeleza hiyo kompyuta kuliko alivyowahi kumbembeleza Kaarina." Kaarina ni mke wangu, naye alicheka kuliko wote.

4. Tutumie akili sasa. Ndani ya sauna haulizwi mtu yeye ni nani. Diwani na mzoa taka hukaa ubao mmoja, uchi kama walivyozaliwa. Ikiwa mwogaji haonyeshi kitambulisho (angekificha wapi?), jiko lake linadaiwa nywila ya nini?

5. Kwa hiyo naomba kamati ipitishe kwamba mlango wa ghala ung'olewe, aingie apendaye. Kwamba ghala liiombe seva radhi kwa maandishi. Na kwamba aliyebuni nywila atafutwe popote alipo Ulaya, avuliwe nguo, aketishwe katika sauna yetu ilivyo sasa, mpaka asahau jina alilopewa na mama yake. Hapo atajua kutotambuliwa kukoje.

Kesho saa kumi na mbili jioni ni zamu ya wazee. Ikipita baridi, najua Jumamosi hamtaninyanyulia hata mkono mmoja.

Msalimie mumeo, dada yako wa Iisalmi, na wote wanaokunywa kahawa jikoni kwako, hata wanaonisema.

Wako katika mvuke, siku ukirudi,
Reijo Pyykkönen

N.B. Nikiwa nalamba bahasha, Kaarina kaniuliza: "Kwani Jumapili, baada ya msaragambo wa kufagia majani, ulikuwa unafuta nini kwenye ile orodha ya wanaoruhusiwa ghalani?" Kweli bwana. Niliwaondoa kwenye ghala wote wasiokuja kufagia, majina thelathini na moja. Mmoja aliitwa Seva Kuu. Namkumbuka vizuri, maana nilisema: miaka sita tunaishi naye, hajashika reki hata siku moja, wala soseji hajaja kula! Nimemrudisha. Majiko yote manne yanawaka, nyuzi themanini na tano, na Helsinki wangehitaji mwezi mzima kuligundua hilo. Ila mwambieni mapema: msaragambo wa Mei asipotokea tena, namfuta.