Sari ya Manjano Dirishani

Jumatano, 3 Julai

Mvua. Mji wote wa Thane umelowa, na nusu ya India. Binti yangu Shulamiti amerudi kutoka hospitali na mvulana. Mjukuu wangu wa kwanza! Nampenda mpaka naona aibu.

Habari mbaya: mkwe wangu Ezra ameamua kwamba baba yake, Mzee Pezarkar, ndiye atakayempakata mtoto Jumapili, siku ya nane, wakati wa kutahiriwa. Heshima kubwa kuliko zote kwetu Wayahudi, anapewa mtu mwenye magoti yanayolia kama bawaba. Mimi najizoeza kupakata kwa mto na tikiti maji tangu Shulamiti apate mimba. Mke wangu Ribka anasema mtoto ana babu wawili, nipunguze makuu.

Ila Pezarkar anasafiri Jumapili jioni, anakwenda Israeli, Ashdodi, kwa binti yake. Sherehe ikiahirishwa hata siku moja, babu atabaki mmoja.

Ijumaa, 5 Julai

Ngariba alikuja kumkagua mtoto. Mtoto mwenye ugonjwa wa manjano hatahiriwi mpaka apone, kila mtu anajua. Kwa hiyo asubuhi nilitundika sari ya manjano ya Ribka dirishani. Chumba kizima kikawa rangi ya bizari.

Ngariba akamtazama mtoto, akakunja uso. Kisha akanitazama mimi, akasema mzee nawe una manjano, tena mabaya. Akaitazama feni: nayo mgonjwa. Akaivuta sari. Mtoto mwekundu, mzima kabisa.

Pezarkar alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka. Ribka alichukua sari yake, akaenda kuificha.

Jumapili, 7 Julai

Siku yenyewe. Sinia ya malida, mchele mtamu wa shukrani, tayari, nazi na sukari zimekolea. Kule sinagogi kiti cha Nabii Eliya, mgeni wa kila tohara, kimefutwa vumbi. Wageni njiani. Nikaenda kumwamkia mtoto. Macho yana manjano. Nikamsogeza kwenye mwanga: mpaka kifuani. Anasinzia tu, hataki kunyonya.

Nikawaita. Ezra akauliza leo nimetundika nini. Shulamiti akasema, "Baba, leo hapana, nakuomba." Ribka akaenda kuangalia sari zake. Nikalia. Mtu mzima, suti mpya.

Aliyekuja ni Pezarkar. Hakucheka. Alimfunua mtoto, akamtazama vizuri, akasema, "Huyu mzee leo hadanganyi. Iteni gari."

Daktari hospitalini amemlaza chini ya taa za kutibu manjano. Anasema tumewahi. Nilitaka sherehe iahirishwe, haya, imeahirishwa, nami nimejaa hofu. Ndege ya Pezarkar imeondoka bila yeye. Tumekaa benchi moja, tunakula malida ya wageni.

Jumatatu, 15 Julai

Amepona! Ngariba alimkagua barazani, na mimi niliamriwa nikae mbali na madirisha.

Sinagogini Pezarkar alikataa kuketi kwenye kiti cha kupakatia. Akamwambia Ezra, "Mpe huyu. Yeye ndiye aliyeona." Nikakataa. Akanisukuma. Nikakataa tena, kwa sauti ndogo, asije akanisikia. Nikakaa.

Ngariba ana mkono mwepesi. Mtoto alilia kidogo, akatiwa tone la divai mdomoni, akanyamaza. Aliyeendelea kulia ni mimi. Jina lake Elkana. Pezarkar alinifuta machozi kwa leso yake mwenyewe. Nimeapa sitamfanyia hila mtu huyu maisha yangu yote.

Alhamisi, 18 Julai

Kidonda kinapona vizuri. Kila nepi ikibadilishwa, shashi safi na mafuta mengi, kisigande. Kazi hiyo niliiomba mimi. Lakini Pezarkar, anayelala kwetu, huamka kabla yangu. Leo nimepata nepi moja tu, na nimekojolewa shati zima. Kisha akasema nafunga shashi kama mtu anayefunga kifurushi cha posta. Shulamiti akacheka. Naye siku hizi anamwita Pezarkar Baba! Na sasa bwana huyu ameahirisha safari mpaka mwezi ujao.

Mtu mwema sana. Nampenda kama ndugu. Lakini Ashdodi nako wanamhitaji.

Sari nimeipata juu ya kabati. Pezarkar alipokuwa anaoga nimeitundika dirishani kwake. Kesho asubuhi nitamshika mkono na kumwambia, kwa upole, kwamba haonekani mzima, na hewa ya Ashdodi ingemfaa.