Tosti ya Mtufaa Mkongwe

Jumamosi, 11 Januari
Mvua. Soksi mbichi. Jumatano kamati inachagua atakayetundika tosti Ijumaa, kwenye sherehe ya kuombea matufaa yazae: mkate wa kuchoma uliochovywa kwenye pombe ya matufaa, juu ya mtufaa mkongwe. Marehemu mke wangu Hester aliitundika miaka ishirini. Sasa nataka niitundike mimi. Bibi Pask, mwalimu mstaafu, anaimezea mate nafasi hiyo, nina hakika. Leo dukani kaanza tena: eti tosti ni neno la Kilatini, kukausha kwa moto, likawa mkate, mkate ukatiwa kikombeni kuipa pombe ladha, ndiyo maana hata kumwinulia mtu glasi tunaita tosti. Watu wanamsikiliza kama redio! Nilikwenda kununua balbu tu.

Jumapili, 12 Januari
Dawa yake nimeipata. Nitathibitisha kwamba neno lilizaliwa hapa kijijini, kinywani mwa babu yangu wa kale. Ushahidi sina. Nitautengeneza.

Jumatatu, 13 Januari
Nimelowesha karatasi kwenye chai nyeusi, nikaioka ipate uzee. Ya kwanza imeungua. Ya pili pia. Ya tatu, safi! “Leo, 17 Januari 1690, tumetundika mkate mtini, nami Hobley nimeuita tosti.” Nimelia kidogo. Ufundi huo!

Jumatano, 15 Januari
Balaa. Nimeisoma hati mbele ya kamati. Bibi Pask akavua miwani, akauliza: je, Clement bwana, huyo babu yako alikuwa mtabiri? Mwaka 1690 sherehe ilikuwa tarehe 6. Serikali ya Uingereza ilipobadili kalenda mwaka 1752 na kuruka siku kumi na moja, kijiji kikagoma, kikabaki na siku yake ya zamani, ndiyo ikawa 17. Kila mtoto hapa analijua hilo. Hata mimi nalijua!
Mwenyekiti Trott akashusha pumzi, akanionyesha daftari. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa tangu wiki jana. Aliyelipendekeza: Bibi Pask, kwa ajili ya Hester. Trott akalikata. Akasema labda mwakani, mzee, ukijua kunyamaza.

Ijumaa, 17 Januari
Bibi Pask katundika. Mkate ukaanguka matopeni, akatundika mwingine. Wote wakainua vikombe kwa jina la Hester. Nami nikainua. Changu kilikuwa na mvua tupu.

Jumamosi, 18 Januari
Nimejichunguza moyoni, bila huruma. Kosa langu nimeliona: tarehe.
Chai nyeusi iko jikoni. Hati mpya nimeitia tarehe 6.